Nyanya za Ukuta wa Mugure

Jumatatu, 8 Machi 1954

Leo nimesia nyanya kwa mara ya nne, na nimeapa mbele ya Kosgei kwamba zikinifia tena sitazirudia. Kosgei ni mume wangu, nyapara wa ng'ombe wa maziwa katika shamba hili la Mzungu huku juu Bahati, na kwake kitu kisicho na kwato ni mchezo wa watoto. Alisimama mlangoni na mabuti yake ya matope akasema, "Jerop, hii baridi ya msitu bado haijakufunza?"

Imenifunza sana. Msimu wa kwanza ilizishika zikiwa na maua, majani yakawa meusi kana kwamba nimeyamwagia maji ya moto. Msimu wa pili zilizaa, zikaoza matakoni kabla ya kuiva. Wa tatu hazikungoja hata maua. Achola, mke wa Owino dereva wa trekta, jirani yangu wa mlango kwa mlango, anasema nyanya ni mboga ya watu wa mjini Nakuru, sisi wa huku tule kabichi tunyamaze. Mimi sinyamazi. Nimechoka kuaibishwa na mmea.

Mwalimu wetu wa misheni alituambia tuandike tarehe za kupanda ili tusirudie makosa. Basi naandika.

Jumapili, 21 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Mbegu zimeota. Kanisani nilikuwa nikiziwaza wakati wa maombi.

Alhamisi, 1 Aprili

Ukungu tangu asubuhi. Umeshuka kutoka msituni ukalala juu ya shamba, na ng'ombe wanasikika bila kuonekana.

Siwezi kuandika habari za shamba letu bila ile nyumba, ingawa nimeizunguka katika daftari hili vile ninavyoizunguka nikienda kuni. Iko mwisho wa kipande chetu, mgongo wake umegusa msitu. Ilikuwa ya Karanja, mkewe Wangare, na mama yake Karanja, Cucu Mugure. Cucu ndivyo Wakikuyu wanavyomwita bibi, na shamba zima tulimwita hivyo, hata sisi Wakipsigis, hata Achola Mjaluo, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkunga wetu. Oktoba mwaka jana, kwa ajili ya vita vya watu wa msituni, malori yalikuja, Wakikuyu wote wa shamba hili wakapakiwa na kuku wao na masufuria yao. Wangare alinipungia mkono kama mtu anayekwenda sokoni. Cucu Mugure hakuwemo. Walimwita, wakamtafuta, lori likaondoka. Kiprugut, askari wa shamba, anasema alikimbilia msituni na baridi ikamaliza kazi, naye alijionea tai wakizunguka. Nyumba ikatiwa kufuli. Mzungu amesema itabomolewa kiangazi. Shamba lao tulipewa sisi. Hatukuuliza swali, tulipewa tukachukua.

Nyanya nilifunzwa na Cucu Mugure. Alikuwa akizipanda ukutani, chini ya ule mchirizi mpana wa paa la nyasi, majani yasipate mvua. Alizila kila mwaka mbele ya macho yangu. Mimi sina ukuta wa namna hiyo, nyumba yetu ni ya mabati mafupi.

Nimemwambia Achola leo kwamba nina mimba. Alisema alikuwa anajua, anangoja tu haya zinikwishe.

Jumatano, 14 Aprili

Nimehamisha miche karibu na jiko langu, nimeweka jivu kila shimo.

Niliporudi na kuni nilipita karibu na ile nyumba kuliko kawaida, kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu njia ya chini. Chini ya mchirizi kuna miche ya nyanya. Imejiotea, nikajiambia, kutoka kwa zile zilizoanguka mwaka jana zikakosa wa kuziokota. Imesongamana kama manyoya ya kuku.

Jumanne, 20 Aprili

Nilikwenda kuichukua ile miche niongezee yangu. Nimekuta imepunguzwa. Iliyobaki imepangwa mstari mmoja kufuata ukuta, nafasi sawa kati ya mche na mche, na shina la kila mmoja limefukiwa na jivu. Iliyong'olewa haikuonekana popote.

Nimerudi mikono mitupu. Sikumwambia mtu.

Jumatatu, 3 Mei

Zangu zimeshikwa na baridi. Zote. Juzi zilikuwa kijani na leo asubuhi zimejikunja na kunuka. Nimezing'oa kwa hasira nikatupa shimoni, na Kosgei, kwa heshima yake, hakucheka.

Za ukutani ni nzima. Zimesimamishwa kwa vijiti na kufungwa kwa kamba za gome, fundo juu ya fundo, vile Mugure alivyokuwa akifunga. Nilizishika kamba zile. Zilikuwa bado mbichi.

Ijumaa, 7 Mei

Nilishindwa kukaa na neno hili peke yangu, nikampelekea Achola. Alikuwa anasonga ugali. Hakuacha kusonga.

"Hiyo nyumba iko na mwenyewe," alisema. "Wewe ulifikiri mtu anakufa msituni, hakuna kuzikwa, hakuna kuliliwa, halafu anaenda wapi? Anarudi kwake."

"Achola, sisi ni watu wa kanisa."

"Hata mimi ni wa kanisa. Lakini mimi sikunyang'anya mtu shamba." Akanyoosha mwiko kwenye tumbo langu. "Na wewe uko hivyo. Mzimu ya mkunga, na mwanamke mwenye mimba iko mlango ya pili. Mpe kitu. Ongea na yeye vizuri."

Maneno ya shamba yalinichoma kwa sababu ni kweli. Na ya tumbo yaliniogopesha kuliko ninavyotaka kuandika. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa mwaka juzi kwa mama yangu Londiani. Alitoka akiwa mzima, vidole vyote, nywele nyingi, na hakulia. Wakamfunga katika shuka wakanipokonya. Huyu wa pili nikimpoteza, sijui nitaamkia nini.

Nimejaza mursik, maziwa yetu ya mgando, katika kibuyu kidogo nikakiacha chini ya mchirizi. Nilisema, "Cucu, shamba hatukuliomba. Maziwa ndiyo haya. Niachie mtoto."

Jumamosi, 8 Mei

Kibuyu kimekwisha. Paka wa msituni, bila shaka. Ila paka hang'oi kizibo akakirudishia.

Jumapili, 9 Mei

Nimeweka tena kabla ya kanisa. Mhubiri alisema habari za miungu mingine, nikaangalia viatu vyangu.

Jumatatu, 10 Mei

Kimekwisha.

Alhamisi, 13 Mei

Kimekwisha. Nyanya zimetoa maua.

Jumanne, 18 Mei

Mvua ya mawe jana, sikutoka. Leo Kosgei amefungua mlango kwenda kukamua, akarudi ndani na kile kibuyu mkononi. Kilikuwa kimewekwa kizingitini kwetu, kimeoshwa, kimekaushwa, kimesuguliwa ndani kwa mkaa wa mti vile inavyotakiwa.

"Umekiacha nje?" aliniuliza.

Nikasema ndiyo. Mtu aliyekiweka alisimama hatua moja kutoka kitanda chetu. Nilikaa jikoni asubuhi nzima nimekishika na sikuweza kukitia maziwa. Jioni nikakitia.

Jumamosi, 29 Mei

Tumegawana kazi, mimi na nyumba ile. Nisiandike vingine, ndivyo ilivyo. Nikitoa machipukizi upande wa mlango, kesho yake upande wa msitu umetolewa. Nikisahau majani ya chini yanayogusa udongo, nayakuta yamekatwa na kulundikwa. Mche mmoja ulikuwa na doa la baridi. Nilienda nyumbani kuchukua kisu, nikarudi, haupo, na shimo lake limejazwa jivu.

Naogopa, halafu nakwenda. Nikikosa kwenda naogopa zaidi.

Jumatano, 2 Juni

Kosgei amejua. Achola hawezi kumeza neno hata akilitafuna. Nilitegemea anikaripie, na alinikaripia.

"Mambo ya mizimu ni ya mama yangu. Wewe umesoma. Unalisha nyumba ya Wakikuyu maziwa, na Kiprugut anatembea hapa na bunduki. Akisema tunalisha watu wa msituni? Mimi nitamwambia nini Mzungu? Ya kwamba bibi yangu anaongea na ukuta?"

"Mwambie hivyo."

"Nitakuwa niko kizuizini kabla nimalize kusema."

Nilimwona leo mwoga, mtu wa kulinda kazi yake na mabuti yake. Mchana, alipokuwa akipitisha ndama kule mwisho, nilimchungulia. Alipofika mbele ya nyumba ile alivua kofia, akapita nayo kifuani, akaivaa tena ng'ambo.

Sijaacha kupeleka maziwa. Yeye hajauliza mara ya pili.

Ijumaa, 11 Juni

Ukungu wa kula na kijiko. Tumbo limekuwa zito, sasa nainama kwa kupiga magoti.

Nilikuwa naondoa machipukizi upande wangu. Majani ya mche wa mbele yakatikisika na hapakuwa na upepo. Kisha mkono ukatoka kwenye kona ya ukuta. Mkono tu, hadi kiwiko, kwa sababu ukungu ulimeza mengine. Ulikwenda moja kwa moja kwenye kikonyo, ukashika chipukizi kwa kidole gumba na cha shahada, ukalikata. Ukaenda kwa lingine. Haukuwa na haraka. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, mdomo wazi, na mtoto akigeuka tumboni mwangu kama aliyeitwa.

Nikasema, "Cucu Mugure."

Mkono ukasimama. Ukabaki hapo, umeshika jani. Kisha ukarudi kwenye ukungu polepole, bila sauti.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani.

Jumamosi, 12 Juni

Nilikuwa nanawa mikono. Aliyewahi kulima nyanya anajua, ukizishika zinakuachia rangi kwenye vidole, kijani iliyokolea hadi weusi, na sabuni inageuka manjano. Nilisugua vidole vyangu nikaukumbuka ule mkono wa jana. Kidole gumba kilikuwa cheusi hivi hivi. Na kucha zilikuwa na udongo.

Mzimu hauchafuki vidole.

Nimeketi chini. Ni mtu. Yuko hai, ni mzee, amelala miezi yote hii ndani ya nyumba yenye kufuli au kwenye baridi ya msitu, na kilichomweka hai ni mursik niliyokuwa nikimpelekea kama maiti. Nililia kwa furaha kidogo, kisha nikaanza kuogopa upya. Mzimu hakuna anayeweza kuupiga risasi.

Jumapili, 13 Juni

Nimeongeza ugali na viazi. Nilisema kwa sauti ya chini ukutani, "Cucu, najua. Sitasema." Nilisikia tu mtu akivuta pumzi upande wa pili wa udongo, karibu na uso wangu.

Alhamisi, 24 Juni

Kiprugut alikuja. Ameanza kupenda njia ile ya mwisho, na bunduki yake, na filimbi shingoni. Nyanya zimeshajaa, kijani bado, kubwa kuliko nilizowahi kuona huku juu. Alichuma moja akaipangusa kwenye kaptura.

"Mama, hii nyanya yako imefaulu. Dawa gani?"

"Si yangu," nilimwambia. "Mimi zangu zilikufa, uliza kambi yote. Hizi ni za mwenyewe. Kula tu. Ila yeye hajaonja bado."

Aliitazama ile nyanya. Akaiweka chini taratibu, kwenye nyasi, kama yai. "Wewe umemwona?"

"Nimeona mkono."

Nilimwambia yote ya ukungu, jinsi ulivyotoka na ulivyorudi, na sikuongeza hata chumvi. Ilitosha. Aliondoka akipita njia ya juu. Jioni kambi nzima ya vibarua ilikuwa inajua, na Achola alikuja kuniambia habari yangu mwenyewe ikiwa imeota miguu na pembe. Nikaitikia kila neno. Waogope wote, wasikaribie.

Jumatatu, 5 Julai

Mvua.

Jumanne, 6 Julai

Mvua. Maziwa yamechukuliwa. Ameniachia fungu la majani ya kuchemsha, ya mgongo. Nimeyanywa.

Jumatano, 14 Julai

Leo nimemwambia ukutani kwamba mtoto amekaa vibaya, kichwa nakisikia juu mbavuni. Halafu sauti, kavu, ya mtu aliyesahau kuitumia: "Geuka. Lalia upande wa moyo."

Ndiyo maneno yote. Nimelala hivyo tangu mchana.

Jumatano, 28 Julai

Nimepata nguvu ya kushika kalamu. Mtoto yuko kifuani kwangu. Ni msichana. Nitaandika ilivyokuwa kabla watu hawajanibadilishia kwa kusimulia.

Ilikuwa Alhamisi iliyopita. Kosgei alikuwa amepeleka malai ya maziwa stesheni Nakuru. Achola na wanawake wote walikuwa wakichuma maua ya pareto, bonde la pili. Ukungu ulikuwa umeziba kila kitu. Nilikwenda kuangalia nyanya kwa sababu moja ilikuwa imeanza kupata wekundu, na uchungu ukanishika hapo hapo ukutani, si kwa kubisha hodi, kwa kuvunja mlango. Nilianguka magoti. Maji yakatoka. Nikapapasa nikagusa mguu. Mguu mdogo, wa baridi. Nikajua nimekwisha, mimi na yeye.

Nilifikiri kupiga kelele. Kabla sijapiga, mlango wa ile nyumba ulifunguka upande wa bawaba, kufuli ikiwa mahali pake, na Cucu Mugure akatoka.

Sikuwa nimejiandaa kumwona. Amebaki ngozi na macho. Nguo yake ilikuwa magunia, na nywele zimekuwa nyeupe kabisa, na hata nilipokuwa najua ni mtu, mwili wangu ulisisimka wote. Alinishika kwapani akaniburuta ndani gizani.

"Usipige kelele, mama. Kelele italeta watu," alisema. "Uma hii."

Nikauma kitambaa. Aliingiza mkono wake, na nikauma. Alisema, "Sasa usisukume. Bado. Bado. Haya." Sikutoa sauti. Nilimpa hiyo zawadi, na ndiyo niliyokuwa nayo.

Mtoto alitoka miguu, kiuno, halafu kichwa. Na hakulia.

Nilimwona mikononi mwake, wa samawati, amelegea. Nilijua ile rangi. Cucu alimnyonya pua akatema, akampulizia kinywani, akamsugua mgongo kwa majivu ya jiko. Hakuna. Nje nilisikia wanawake wakirudi njia ya chini, wakicheka na vikapu vyao. Hata yeye aliwasikia, aligeuza kichwa. Mimi nikaona anahesabu jambo, na kwa dhambi yangu nikafikiri atamweka chini na kurudi msituni, na nisingemlaumu.

Akamshika miguu, kichwa chini, akampiga. "Lia!" alisema, si kwa kunong'ona tena. "Lia wewe! Lia!" Mwanamke aliyekaa kimya tangu Oktoba alikuwa anapaza sauti kwa nguvu zote za kifua chake, na anampiga, mpaka mtoto wangu akafungua kinywa na kulia kilio kilichosikika nafikiri hadi nyumba ya Mzungu.

Alicheka. Jino moja. Akaniwekea mtoto tumboni.

"Nenda, Cucu," nilimwambia. "Nenda sasa."

"Kondo haijatoka," alisema. "Damu ni mingi." Akakaa akanikandamiza tumbo kwa ngumi mbili, na miguu ya watu ikija mbio.

Achola ndiye wa kwanza kuingia. Alimwona, akashika mdomo, akaketi chini. Kisha, yule mwanamke ambaye nimemwandika humu kwamba hawezi kumeza neno, alivua kitenge chake akamfunika Mugure kichwa hadi miguu. Kiprugut alipotokea mlangoni akamwambia, "Toka! Hapa ni mambo ya wanawake! Mimi ndio nimezalisha!"

"Na huyo ni nani?"

"Ni mgonjwa."

Najua Kiprugut aliogopa kuliko sisi. Kama nisingekuwa nimemjaza hadithi ya mkono, labda angeingia kama mtu, akaona kikongwe mwenye damu ya uzazi mikononi, akaona haya. Lakini alivuta kile kitenge kwa mtutu wa bunduki, akaona weupe wa nywele na yale macho, akapiga yowe, akapuliza filimbi, na akaendelea kuipuliza hata walipofika wengine.

Kosgei alifika wanampakia kwenye lori. Alisimama mvua ikimnyeshea. Mzungu alikuwepo, maaskari walikuwepo, na Kosgei hakusema lolote, wala la kutetea. Alivua tu koti lake, lile la unyapara, akapanda gurudumu la lori akamvisha Cucu Mugure, na akamfunga vifungo kimoja kimoja. Cucu aliniangalia mimi mlangoni, akaonyesha kwa kidole ukutani, zile nyanya. Lori likaondoka.

Nilimwita Kosgei mwoga. Sijui nimwite nani sasa.

Jumapili, 1 Agosti

Nyanya zinaiva zote kwa pamoja. Watu wanapita kuzitazama. Hakuna anayeomba.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimechuma debe zima. Msimu wa nne, na nimezipata, nyekundu, nzito, bila doa hata moja. Nimekata moja nikatia chumvi, nikaitafuna nikiutazama ule ukuta. Achola alikula nne akasema ni tamu, huku machozi yanamtoka.

Jumatatu, 9 Agosti

Kosgei alikwenda Nakuru kumuulizia, akavaa shati la Jumapili. Karani wa kambi ile walikompeleka alimwambia kikongwe yule ameshasafirishwa kwao Nyeri, amepewa blanketi, atakuwa amefika kwa mwanawe. Kosgei alirudia maneno ya blanketi mara mbili. Nimelala vizuri leo mchana, mara ya kwanza.

Jumamosi, 14 Agosti

Mama mkwe alifika jana kutoka Sotik na wazee wenzake wawili wa kike, kumpa mtoto jina. Wamechelewa kwa ajili ya mvua, na mtoto kukaa siku zote hizi bila jina kumewatia wasiwasi. Kwetu jina la ndani halichaguliwi na mzazi. Wanawake wazee huketi na mtoto, humgusisha ugoro puani kidogo sana, na huita majina ya marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Kwa jina atakalopigia chafya, huyo ndiye amerudi ndani yake. Jina la mtu aliye hai haliitwi. Aliye hai hawezi kurudi, bado hajaondoka.

Kosgei aliketi nje na wanaume. Sisi tulifunga mlango. Mama mkwe akaanza na upande wa baba: bibi zake, shangazi, mama wa babu. Mtoto alitazama tu. Wakaja upande wangu. Nikawasaidia, nikawataja hadi wale niliowasikia tu kwa mama. Mtoto alikuwa macho, ugoro puani, kimya, anamtazama kila anayesema. Wakarudia tangu mwanzo. Jasho lilimtoka mama mkwe.

"Asiyeitika hakai," alisema mmoja wa wale wazee kwa sauti ndogo.

Nikamwona tena wa samawati, amelegea. Hofu ikanipanda, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Mugure," nilisema.

"Nani huyo?" mama mkwe aliuliza. "Ni wa nyumba gani?"

"Si wetu, Mama. Ni yule aliyemzalisha."

"Amekufa?"

"Hapana. Yuko kwao, kwa mwanawe. Amepewa blanketi."

"Sasa wewe mtoto, unamwitaje mtu hai! Unataka..."

Mtoto akapiga chafya.

Wale wazee wawili wakapiga makofi kwa mazoea, wakacheka, kisha makofi yakakatika. Nje Kosgei alisikia akauliza kwa furaha, "Ni nani? Amekuja nani?" Mama mkwe alimpangusa mtoto pua kwa ncha ya shuka yake, pole pole, akaniangalia. Hakuniuliza tena kama amekufa. Aliniuliza amekufa lini.